Mkopo wa Askari, Nyumba ya Mjane

Nchini Marekani, daktari anapojaza cheti cha kifo cha mtu aliyewahi kuwa askari, mahali panapotaja chanzo cha kifo huamua pia jambo lisilo la kitabibu: kama mjane wa marehemu ataweza kununua nyumba kwa dhamana ya serikali. Ikithibitika kwamba maradhi yaliyomuua yalitokana na utumishi, mjane anaipata dhamana hiyo, na kwa kawaida hadaiwi hata malipo ya awali. Ikiwa ni ajali ya gari akitoka dukani, mara nyingi haki inazikwa naye, hata kama alikwenda vitani mara tatu na mkewe akalea watoto peke yake miaka yote hiyo.

Je, mpaka ubaki hapo? Swali hili limerudi mara nyingi mbele ya Bunge la Marekani na mbele ya wapigakura wa majimbo yenye mikopo yao wenyewe ya maveterani. Limeingia pia katika nyumba zinazozungumza Kiswahili. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza kuandikisha wageni waliojua lugha lilizozihitaji, Kiswahili kikiwemo, na likawafungulia njia ya haraka ya uraia. Wakenya walijitokeza kwa wingi. Mpango huo ulisimamishwa 2016, lakini walioingia wakati ule leo wana ndoa, watoto na rejesho la kila mwezi benki, kuanzia Texas hadi Washington.

Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti nne. Hazina majina, kwa sababu kila moja inasema yanayosemwa na wengi. Sheria, tarehe na hesabu zinazotajwa ndizo zilizopo. Kuna Mjane, mzaliwa wa Nyanza, aliyeolewa na sajini na sasa anaendesha shamba dogo la ng'ombe huko Texas. Kuna Mkongwe, Mkenya mwenzake, aliyevua sare baada ya utumishi mrefu. Kuna Wakili, binti wa rika la watoto wao, anayeshughulikia madai ya familia za askari. Na kuna Mhazini, ambaye kazi yake ni kuuliza fedha zitatoka wapi.

Mjane ndiye anayeanza, na anaanza na kazi.

"Mume wangu alipopelekwa ng'ambo aliondoka na mabegi mawili. Ng'ombe hawakwenda naye. Mimi ndiye niliyeamka usiku ndama alipokwama, mimi niliyelipa chakula cha mifugo, mimi niliyepeleka rejesho benki. Tulipoomba mkopo wa kwanza, mshahara wangu ulihesabiwa pamoja na wake ili tufikie kiwango. Sasa amefariki kwa ajali, nikiomba dhamana ileile naulizwa kama nimewahi kutumikia. Mzee, miaka ile yote nilikuwa namtumikia nani?"

"Pole sana, mama," Mkongwe anajibu. "Sikuja hapa kuidharau kazi yako. Lakini dhamana ile alipewa mtu aliyeapa, akavaa sare, akaambiwa nenda akaenda. Ilikuwa malipo ya hatari aliyokubali. Tukianza kuigawa kwa kila aliyekaa nyumba moja na askari, kesho ataidai shemeji na keshokutwa mjukuu, na yule kijana aliyerudi juzi bila mguu atakuta foleni imefika barabarani."

Wakili anaomba warudi nyuma kidogo, kwa kuwa hoja ya Mkongwe inachukulia kwamba mpaka huu ni wa zamani na haujawahi kuguswa.

Rais Franklin D. Roosevelt aliitia sahihi sheria ya kuwarudisha askari katika maisha ya kiraia tarehe 22 Juni 1944. Serikali haikukopesha; ilimwambia mwenye benki kwamba mkopaji akishindwa, yenyewe italipa nusu ya deni, mwanzoni kwa kiwango kisichozidi dola 2,000. Dhamana hiyo ilihusu nyumba, biashara ndogo na mashamba, na kwa upande wa mashamba iligusa ardhi, mifugo na mashine. Kufikia 1952 karibu nyumba milioni 2.4 zilikuwa zimenunuliwa kwa njia hiyo, na vitongoji vizima vya Marekani vilijengeka juu ya sahihi ile. Wajane hawakuwemo.

"Waliingizwa 1950," Wakili anasema, "na ni wale tu ambao waume zao walikufa kwa sababu ya utumishi nao hawajaolewa tena. Mwaka 1970 wakaongezwa wake wa askari waliotekwa au waliopotea vitani zaidi ya siku 90. Mwaka 2012 wakaongezwa wenzi wa maveterani waliokuwa na ulemavu kamili kwa miaka kadhaa kabla ya kufa, hata kama kilichowaua ni kitu kingine. Mpaka umesogezwa mara tatu, Mzee, na kijana aliyepoteza mguu bado anapata mkopo wake."

Mkongwe hakatai tarehe hizo. Anachokataa ni kuzifanya ngazi ya kupandia popote. Wote waliotajwa, anasema, wanaunganishwa na kitu kimoja: utumishi ndio uliowaumiza. Aliyetekwa, aliyelemazwa, aliyeuawa. "Hapo sina ubishi. Mimi mwenyewe ningesaini. Lakini ajali ya gari ni msiba wa kila mtu. Mwalimu naye hufa kwa ajali, na mjane wa mwalimu hapewi dhamana."

Ni hoja nzito, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoulinda mpaka ulipo. Udhaifu wake unaonekana pale mtu anapouliza nani anaamua kwamba utumishi ndio uliomuumiza marehemu, na kwa kipimo gani.

Wakili anauliza hivyo hivyo. Maveterani wa Vietnam walinyunyiziwa dawa ya kuua majani iliyoitwa Agent Orange. Ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba uliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya maradhi yanayodhaniwa moja kwa moja kuwa yamesababishwa na dawa hiyo. Shinikizo la damu liliingizwa 2022, kwa sheria ya PACT ambayo Rais Joe Biden aliitia sahihi tarehe 10 Agosti mwaka huo. Sheria hiyohiyo ikaongeza maradhi ya walioishi kando ya mashimo ya kuchomea taka huko Iraq na Afghanistan. Chukua wanaume wawili waliokuwa kikosi kimoja, msitu mmoja, mwaka mmoja. Wa kwanza alikufa kwa moyo 2005, na mkewe akaachiwa mzigo wa kuthibitisha mwenyewe kwamba dawa ndiyo iliyomuua. Wa pili alikufa kwa ugonjwa huohuo 2011, na mkewe hakuhitaji kuthibitisha kitu.

"Mjane wa yule wa kwanza aliruhusiwa kuomba tena sheria ilipobadilika," Mhazini anaingilia.

"Kama alikuwa hai, na kama mtu alimwambia," Wakili anajibu. "Wengi walikwisha kuuza nyumba."

Makala hii inakubaliana na Wakili hapa bila kusita. Mpaka unaohama kila orodha inapochapishwa upya haupimi kujitoa kwa askari wala hasara ya familia yake. Unapima sayansi imefika wapi na siasa imeruhusu nini mwaka ule. Anayekufa mapema, kabla utafiti haujakamilika, anaiachia familia yake adhabu ya kufa mapema.

Kisha zamu ya fedha inafika, na Mhazini hana haraka.

Anaanza kwa kumkumbusha Mjane kwamba familia za askari haziachwi mikono mitupu. Bima ya maisha ya askari aliye kazini ilipandishwa hadi dola 500,000 mwezi Machi 2023. Kuna mkono wa rambirambi wa dola 100,000. Kuna pia fidia ya kila mwezi kwa mwenzi aliyebaki, ambayo mwaka 2025 ilianzia dola 1,653. "Dada, ukizijumlisha hizo, kuna watu wengi hawataelewa kwa nini uongezewe dhamana ya nyumba."

"Zijumlishe tena, ndugu yangu," Mjane anasema, "halafu uniambie mimi nimepata ipi. Bima ile ni ya anayekufa akiwa bado jeshini au miezi michache baada ya kutoka. Mume wangu alikuwa ametoka miaka minane. Rambirambi vivyo hivyo. Na hiyo ya kila mwezi inaangalia kifo kilisababishwa na nini, sawasawa na dhamana ya nyumba. Sharti lililoninyima dhamana ndilo lililoninyima fidia."

Jibu hilo halisikiki vya kutosha kila suala hili linapojadiliwa. Wanaopinga huorodhesha mafao mengine kana kwamba mjane akikosa hili atashika lile. Mafao hayo yamefungwa kwa masharti yanayofanana sana, hivyo aliyebaki nje ya mlango mmoja kwa kawaida yuko nje ya yote. Mara nyingi anayepata fidia ya kila mwezi ndiye mwenye dhamana, na ndiye pia anayesamehewa ada yake.

Mhazini anaipokea hoja hiyo, kisha anataka vitu viwili vitenganishwe, kwa sababu watu huvichanganya kila siku: dhamana ya serikali kuu na mikopo ya majimbo.

Dhamana ya serikali kuu haina kapu linaloisha. Benki inakopesha fedha zake, nayo Idara ya Maveterani inadhamini takriban robo ya mkopo. Nyumba ya dola 300,000 inabeba dhamana ya dola 75,000. Anayeitumia kwa mara ya kwanza bila malipo ya awali hulipa ada ya asilimia 2.15, yaani dola 6,450 kwa nyumba hiyo, isipokuwa kama yumo katika kundi lililosamehewa. Ada hizo ndizo zinazosaidia kufidia hasara wakopaji wanaposhindwa. Na msukosuko wa mikopo ya nyumba ulipoitikisa Marekani kuanzia 2007, mikopo ya maveterani ilisimama imara kuliko mingi mingine.

"Kwa hiyo upande huo," Mhazini anasema, "Mzee, hofu yako ya foleni haina msingi. Mjane mmoja akidhaminiwa hamwondoi kijana yeyote. Mnachotakiwa kuniambia ni kama atalipa ada au atasamehewa. Akilipa, siwezi kumpinga."

Majimbo ni habari nyingine. California ilianza 1921: jimbo linanunua nyumba au shamba analolitaka askari, kisha linamuuzia kwa mkataba wa malipo ya polepole, na hati ya umiliki inabaki serikalini mpaka senti ya mwisho. Oregon ilifuata 1945 baada ya wapigakura kubadili katiba yao. Texas ikaunda bodi yake ya ardhi ya maveterani 1946. Mikopo hii hutoka katika hati fungani ambazo jimbo linauza, na sheria za kodi za serikali kuu zimeruhusu majimbo matano tu kuuza hati za aina hiyo zisizotozwa kodi kwa ajili ya nyumba za maveterani: Alaska, California, Oregon, Texas na Wisconsin. Tangu 1984 zimewekewa ukomo. Huku ndiko kuna kisima kinachoweza kukauka.

Mhazini anatoa mifano miwili inayomnyima usingizi. Wa kwanza ni Oregon ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Biashara ya mbao iliporomoka, watu wakapoteza kazi, marejesho yakakatika, na mfuko wa mikopo ya maveterani ukayumba vibaya. Wa pili ni Texas. Katika miaka ya 1950 matapeli walinunua ardhi kwa bei ya chini na kuiuzia serikali kwa bei ya juu, wakitumia majina ya maveterani, wengi wao Weusi na wenye asili ya Mexico, ambao hawakujua kwamba walichotia sahihi ni mkataba wa kununua ardhi. Gazeti dogo la mji wa Cuero ndilo lililofichua. Mwandishi wake, Ken Towery, alipata tuzo ya Pulitzer 1955, na Bascom Giles, aliyekuwa kamishna wa ardhi wa jimbo zima, akaishia gerezani.

"Mlango wa mkopo wa umma ukipanuliwa," anasema, "wajanja huwa wa kwanza kuingia. Na mjane mwenye msiba mbichi ni mtu rahisi kutiliwa karatasi mbele."

"Waliotapeliwa walikuwa maveterani wenyewe," Mjane anamjibu, "na hakuna aliyesema maveterani wasikopeshwe tena. Walimfunga Giles, wakabadili kanuni, na Texas inakopesha ardhi mpaka leo. Kwa nini nikifika mimi, dawa ya wizi iwe kunifungia nje?"

Mhazini anatikisa kichwa akicheka. Anakiri pia kwamba Texas inawapokea tayari baadhi ya wajane, wale ambao waume zao walipotea vitani au walikufa kutokana na utumishi nao hawajaolewa tena. Mpaka ni uleule wa Washington, umenakiliwa. Na mwaka 2010 wapigakura wa Oregon, miongo mitatu baada ya msukosuko ule, waliupanua mpango wao: waliondoa ukomo wa miaka 30 tangu kutoka jeshini, wakaufanya mkopo kuwa haki ya maisha yote ya mkongwe. Kisima kikitunzwa kinaweza kuchimbwa upya, ila Mhazini anataka hesabu ifanywe kabla ya ahadi.

Panapowaka moto ni penye suala la kuolewa tena.

Sheria inasema mjane aliyeolewa tena anapoteza dhamana ya nyumba, isipokuwa kama alifunga ndoa hiyo tarehe 16 Desemba 2003 au baadaye, akiwa ametimiza miaka 57. Ndoa mpya ikivunjika kwa talaka au kifo, anaweza kurudi kundini. Na hata asipofunga ndoa, akiishi na mtu na wakajitambulisha hadharani kama mke na mume, anaweza kuhesabiwa kuwa si mjane tena. Mwaka 2021 umri wa fidia ya kila mwezi ulishushwa hadi 55. Wa dhamana ya nyumba ukaachwa palepale kwenye 57, hivyo mwanamke akiolewa akiwa na miaka 56 serikali hiyohiyo inamwona mjane wa sajini tarehe moja ya mwezi fidia inapoingia, na haimtambui anapoingia benki.

"Ukiolewa na mwingine, mwenye jukumu ni huyo mwingine," Mkongwe anasema. "Si ukatili, mama. Hata kwetu ndivyo."

"Hata kwetu tumeikataa," Mjane anasema, na sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza. "Kwetu mjane alirithiwa pamoja na ng'ombe. Akikataa kurithiwa, anatoka alivyo. Mama yangu aliyaona hayo. Mimi nimekuja huku, nimefanya kazi miaka ishirini, na sheria ya watu wa huku bado inataka kujua nalala na nani kabla haijanidhamini paa."

Wakili anaongeza kwamba Kenya iliuandika mpaka wa namna hiyo katika Sheria ya Urithi: mjane ana haki ya kuitumia mali ya marehemu asiyeacha wosia, lakini haki hiyo inakoma akiolewa tena, huku mgane akiachwa bila sharti kama hilo. Mahakama Kuu ya Kenya imekwisha kulitamka sharti hilo kuwa la kibaguzi. Sheria ya Marekani haitofautishi mjane na mgane. Mume wa askari wa kike aliyefariki anabanwa vilevile. Usawa huo hauondoi swali la kwa nini fidia ya hasara iliyokwisha kutokea ifutwe na furaha inayokuja baadaye. Kama dhamana ni malipo ya utumishi wa nyumba nzima, utumishi ule ulifanyika, na harusi ya pili haiwezi kuufuta.

Mkongwe ananyamaza kwa muda, kisha anasema anaweza kukubali umri ushushwe ulingane na ule wa fidia. Kuuondoa kabisa, hapana.

Suala la shamba ni gumu zaidi, na wengi hulipita haraka.

Ile sehemu ya sheria ya 1944 iliyodhamini ng'ombe na matrekta haipo tena. Leo Idara ya Maveterani inadhamini nyumba iliyo shambani na ardhi inayoizunguka, mradi mkopaji ataishi humo. Haidhamini ardhi tupu wala biashara ya kilimo. Anayetaka hayo anakwenda Wizara ya Kilimo, kwenye wakala wa huduma za mashamba, ambako mkopo wa moja kwa moja wa kununua shamba unadai uzoefu wa miaka mitatu wa kuendesha kilimo. Askari wa zamani anaruhusiwa kutumia uongozi aliofanya jeshini kufidia sehemu ya uzoefu huo. Kanuni inamwangalia mwombaji mwenyewe. Mjane haji na miaka ya uongozi ya mumewe.

"Mimi uzoefu ninao," Mjane anasema. "Tatizo ni karatasi. Akaunti ya shamba ilikuwa kwa jina lake, risiti za mnada kwa jina lake, bima kwa jina lake. Nimeendesha shamba hata ng'ombe wangu wote wananijua, lakini faili halinijui."

Wake wa wakulima wa Marekani wanalijua neno hilo. Kabla ya 1981, mkulima alipokufa, sheria ya kodi ya urithi iliweza kulihesabu shamba lote kuwa lake peke yake isipokuwa mjane athibitishe kwamba alichangia fedha zake mwenyewe. Kukamua, kupika, kulea na kuweka vitabu vya hesabu havikuhesabika. Wanawake wa Nebraska na majimbo jirani walizunguka na karatasi za kukusanya sahihi katika miaka ya 1970 wakiipinga kodi hiyo, ambayo watu waliita kodi ya wajane. Na mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya usawa katika mikopo 1974, benki iliweza kumkatalia mwanamke kwa sababu tu ya jinsia au ndoa yake. Shamba ambalo mwanamke huyo alikataliwa mkopo wake mara nyingi ndilo alilokuwa akililima kila siku.

Hapo Mkongwe ndiye anayeleta jambo ambalo hakuna aliyemtarajia alilete. Anataja Mississippi. Mwanahistoria Ira Katznelson ameeleza jinsi uchunguzi wa mwaka 1947 katika jimbo hilo ulivyokuta mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa kwa ajili ya maveterani, na miwili tu kati yake ndiyo iliyokwenda kwa Weusi. Sheria haikuwataja kwa rangi. Mwenye benki ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na aliwakatalia.

"Mjane wa yule askari wa Mississippi," Mkongwe anasema, "hakunyimwa kwa sababu mumewe alikufa kwa ajali. Alinyimwa mumewe akiwa hai, na akanyimwa tena mumewe alipokufa. Huyo nampa hata leo."

Upo mswada unaosema karibu hivyo. Ulipelekwa Bungeni 2021 na kurudishwa 2023, ukibeba majina ya Isaac Woodard, aliyepofushwa na polisi wa Batesburg, South Carolina, tarehe 12 Februari 1946 akiwa bado na sare siku ileile aliyoruhusiwa kutoka jeshini, na Joseph Maddox, aliyekubaliwa kusoma Harvard kisha akanyimwa msaada wa karo aliostahili. Mswada ungewapa wenzi waliobaki wa maveterani Weusi wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na baadhi ya watoto na wajukuu wao, dhamana ya nyumba. Haujapita.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa sana hapa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ya Kenya iliwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, kwa mpango ulioanza 1919, na Wanandi ni miongoni mwa waliopokonywa ardhi yao kwa ajili hiyo. Kikosi cha wapagazi wa Kiafrika, kinachokumbukwa kwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, kilipoteza makumi ya maelfu ya watu, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wake na watoto wao. Hao hawakuwahi kuulizwa chanzo cha kifo. Hawakuwa kwenye faili lolote la mafao.

"Wajukuu je?" Wakili anamuuliza Mkongwe.

"Wajukuu hapana. Mjukuu hakumsubiri mtu usiku."

Wakili haafiki. Nyumba ambayo haikununuliwa Mississippi 1947, anasema, haikurithiwa na mtu 1987, na mjukuu ndiye anayepanga leo. Mkongwe anabaki palepale, na mjadala huu haumlazimishi. Kwa makala hii, hoja ya wajukuu inastahili mizani yake yenyewe, ya fidia kwa ubaguzi uliothibitishwa. Ya wenzi waliofiwa inasimama bila hiyo: mtu wa pili aliyekuwa ndani ya mkopo toka siku ya kwanza, ambaye mshahara wake ulipimwa na sahihi yake ikachukuliwa, asiondolewe na sababu ya kifo cha wa kwanza.

Mhazini anafungua daftari. Anapendekeza mjane au mgane wa mkongwe yeyote aliyetimiza masharti ya utumishi aingizwe kwenye dhamana ya serikali kuu, bila kuulizwa kilichomuua marehemu, lakini kundi hili jipya lilipe ada ya asilimia 2.15 kama wakongwe wengi wanavyolipa, na msamaha wa ada ubaki kwa waliofiwa kutokana na utumishi. Majimbo yenye hati fungani yaanze na idadi ndogo kila mwaka.

"Na aliyeolewa wiki moja kabla ya mazishi?" Mkongwe anauliza.

"Fidia ya kila mwezi ina kipimo tayari," Wakili anasema. "Mara nyingi mwaka mmoja wa ndoa unatosha, au kuwa na mtoto pamoja."

"Andika mwaka mmoja. Au mtoto."

"Na hamsini na saba itoke," anasema Mjane.

"Hamsini na tano," anasema Mkongwe.

Wakili anaandika 55 na kuiwekea alama ya kuuliza pembeni, maana Mjane hajakubali. Shamba halijaandikwa. Dhamana ya nyumba iko mikononi mwa kamati za Bunge zinazoshughulikia maveterani. Mikopo ya kilimo iko chini ya kamati za kilimo na ile sheria kubwa ya kilimo inayojadiliwa kila baada ya miaka kadhaa, na ni vigumu kifungu kimoja kuzigusa zote mbili. Mjane anataka kujua ni nani katika kamati ya kilimo anayetoka Texas, na ofisi yake iko mji gani.